Hatua Mia Tatu na Kumi na Mbili

Kabla jogoo wa Nyamolo hajakohoa
mama yangu Dorsila alikuwa uani,
leso kiunoni, miguu mitupu,
macho kayafumba makusudi.

Kutoka kizingitini hadi kanisa la mabati
pale mwinukoni, penye kengele ya rimu ya trekta,
alitembea kipofu kila alfajiri
akihesabu kwa sauti ya chini,
na kila hatua akimtajia Mungu jina.
Ya nne: Odundo na kifua chake.
Ya arobaini, penye kichuguu: mimi.
Ya tisini, ua wa mnyaa unapokwaruza bega:
Obura, aliyetusogezea mpaka wa shamba usiku.
Huyu alimwombea polepole,
kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Ilikuwa Januari. Uwanda wa Kano umekauka,
udongo mweusi umepasuka nyufa za kumeza kandambili,
mto Nyando umebaki mchirizi, mbuzi anauruka.
Obura huyo huyo akamwita toka majarubani:
"Dorsila, unaomba nini na shida hakuna?"
Mama hakufumbua macho.
"Nazoea njia," akasema.
"Shida ikija haitaningoja nijifunze."

Nami niliona aibu.
Nilikuwa kidato cha tatu, najua fizikia.
Nikamwambia Mungu yupo hata kitandani.
"Yupo," akajibu. "Ni mimi ambaye huko sipo."

Mvua ilinyesha Nandi, si kwetu.
Ndiyo hila ya mto ule:
kwako nyota zimejaa,
na kule milimani kesi yako imekwisha kuamuliwa.
Saa nane usiku tukasikia sufuria zikigongana,
zinaelea jikoni kama watoto wanaocheza.
Koroboi ilizama kwanza.
Maji magotini, kisha kiunoni,
ng'ombe akilia mahali pasipokuwa tena mahali.

"Shikeni leso," mama alisema.
Akaanza: moja. Mbili. Tatu.
Hakuharakisha. Alihesabu kama Januari.
Arobaini, na mguu wangu ukagusa kichuguu
ambacho nilikuwa nimekidharau.
Kwenye tisini akasimama.
Nikadhani amepotea.
Kumbe anaita: "Obura! Oburaa!"
hadi sauti ikaitika ng'ambo ya mnyaa,
na mkono uliosogeza mpaka
ukashika ncha ya leso yetu.

Nyumba ilikwenda. Mpunga, kuku, vyeti vyangu,
picha ya pekee ya baba.
Sitadanganya ili shairi lipendeze:
sala haikuzuia hata ndoo moja ya maji.
Asubuhi, juu ya benchi la kanisa,
mama alitetemeka kama yeyote,
akawalilia kuku wake kwa majina.

Leo nimekaa kwenye ujia wa hospitali, Kisumu.
Hawi wangu, miaka sita, yuko nyuma ya mlango wa buluu.
Saa ya ukutani imekufa na hakuna aliyeshtuka.
Nafumba macho nitafute njia
nakuta kichaka. Miaka yote hii
nilikuwa na macho, nilikuwa na mwanga,
nilikuwa na Jumapili za kuoshea gari.

Mama amelala mwinukoni mwaka wa nne sasa.
Siwezi kushika leso yake.

Navua viatu. Sakafu ni baridi, inanuka dawa.
Toka benchi hadi dirishani ni hatua kumi na tisa;
muuguzi ananitazama, kisha anatazama pembeni.
Moja: Hawi.
Mbili: daktari, jina lake silijui.
Tatu: yule mzee anayepiga deki,
ananipisha bila kuuliza.
Nne, najikwaa, nimesahau niliyetaka kumtaja.

Nimechelewa, najua. Maji yako magotini tayari.
Narudi bencini. Nafumba.
Moja, nasema.
Moja, tena.