Dakika Mbili, Newala

Fundi Nachuma wa Masasi alinionyesha tabo iliyokufa.
Aliiweka kiganjani kama konokono,
shafti nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho,
imebabuka, ina buluu ya shingo ya kanga wa porini.
"Huyu alikuwa anazunguka mara laki moja kwa dakika
katikati ya moto, anaelea juu ya oili.
Wewe umefika, umezima, umewahi ugali.
Pampu imelala. Yeye bado anakimbia.
Oili ikamuivia humo humo, ikawa masizi.
Milioni na laki mbili, mpwa wangu,
kwa ugali ambao ungekungoja."

Tangu hapo nikawa mtu wa dakika mbili.

Nyumba yangu ndiyo ya kwanza mlima ukiisha.
Saruji tani kumi kutoka Mtwara,
gia ya pili, gia ya kwanza,
utingo wangu Chitanda mlango wazi, kigingi mkononi,
na sina hata nusu kilomita ya tambarare
ya kulipoza lori kabla ya kufika kwangu.
Basi naliacha kwenye sailensa, linanguruma taratibu,
na jirani, Bi Atukae, anafungua dirisha:
"Dizeli unaichoma kama umeichota kisimani!"
Newala hii, ambako kisima chenyewe hatuna.

Tulibishana ghalani Mtama, msimu wa korosho.
Likonde: la kwake lina maji ndani ya tabo, linajipoza.
Abeidi: ukiingia mjini pole pole, matuta sita,
limeshapoa lenyewe, unasubiri nini?
Mwingine, aliyekuwa hana gari, akasema dakika tano.
Mimi nikasema, msiulize gari gani.
Ulizeni limetoka wapi.

Dakika ya kwanza bado nipo kwenye mzani,
bado namjibu askari maneno ambayo sikumjibu,
bado simu ya tajiri inanichoma pajani.
Ya pili, nasikia nyumba.
Somoe anamimina maji, anasita, anarudisha mengine ndooni.
Zamda anasoma kwa sauti, anaruka neno gumu,
anadhani hakuna aliyesikia.

Usiku mmoja nilizima palepale.
Niliingia na mlima wangu wote mpaka mezani,
nikasema jambo kuhusu chumvi.
Chumvi tu.
Tabo haikudhurika. Nachuma aliikagua, akacheka.
Lakini ile chumvi tuliila kimya kimya
mpaka mwezi ukaandama.

Mwaka huu tajiri kaleta lori jipya.
Kijana kaja nalo na kompyuta, miwani kichwani,
akanisomea kitabu ukurasa kwa ukurasa.
Akakuna kidevu. "Ukitoka mlimani na mzigo, labda kidogo.
Vinginevyo hili halihitaji, mzee. Zima tu."
Mzee! Nina arobaini na moja.
Nikamshukuru, maana alikuwa mkweli.

Jana nilipanda mtupu, bila mfuko hata mmoja,
ukungu umelala barabarani, taa zinakula mita tatu.
Nikafika. Nikazima papo hapo, kama alivyosema.
Kimya kikaanguka, bati za ekzosi zikaanza kulia
tik, tik, zikijikunja kwa baridi.
Sikushuka.
Chitanda, kigingi kwapani, akachungulia:
"Bosi, si umeshazima? Unangoja nini?"

"Bado inazunguka," nikamwambia.
Akaliangalia lori. Akaniangalia mimi.
Akakaa chini kwenye tairi, akangoja.