Mshororo wa Kituoni

Mize amenipa gunia moja na nusu,
na mfuko wa makonyo juu yake.
"Usije ukasimama ukaota," akasema. "Angalia mizani."

Saa tatu asubuhi, Wete.
Mshororo umezunguka ukuta hadi penye bomba la maji.
Mie nilifundishwa mshororo una silabi kumi na sita
na ubeti hupumzika kwenye kituo.
Hapa kituoni hapumziki mtu. Tunasogea unyayo kwa unyayo,
magunia tunayasukuma kwa goti.

Katika simu nina ujumbe wa juzi wa mchapishaji:
nakala zilizouzwa mwaka mzima, thelathini na moja.
Mrabaha, shilingi elfu kumi na nane na mia sita.
Nimegawa kwa kurasa mia mbili na kumi:
themanini na nane kwa ukurasa,
na senti, ambazo hazipo tena.
Pipi dukani kwa Ngwali ni mia.

Mwaka wa nyuma hawakuleta fedha, walileta boksi,
nakala sitini, kwa meli, bandari ya Mkoani.
"Humu mna nini?"
"Vitabu."
"Vya biashara?"
Swali zuri lile. Nilichelewa kujibu,
akaandika *vya biashara*, nikalipa ushuru.
Sasa vimepangwa chumbani, gunia liko juu yao.
Mize anasema vinazuia unyevu, na ni kweli.
Karafuu haijaota ukungu hata chembe,
na riwaya yangu inanukia toka jalada hadi jalada.

Usiku tunakaa taa moja.
Yeye anachambua, mie nafuta.
Karafuu huku, makonyo kule.
Hata makonyo yana bei. Si kubwa, lakini ipo,
imeandikwa kwa chaki ubaoni.
Nilivyovifuta mie viko chini ya kitanda.

"Jina?"
"Shaame Mcha."
"Kazi?"
"Mwandishi."
Shemsa wa mizani akainua kichwa.
"Wa habari?"
"Wa vitabu."
Akatazama gunia, akanitazama, akaandika: *mkulima.*

Kisha, kalamu bado iko hewani:
"Basi niandikie shairi. Mdogo wangu anaolewa Ijumaa."
Nikasema beti nne, elfu kumi.
"Elfu kumi! Si maneno tu?"
Nyuma yangu mtu akakohoa. Jua lilikuwa utosini.
Tukakubaliana ubeti mmoja, elfu mbili,
na nikausema palepale, sindano ya mizani ikiwa bado inatetemeka:

*Leo mwetu kumewaka, nyumba yanukia udi,*
*Bi harusi kapambika, kwa hina na mawaridi,*
*Mume naye amefika, kuitimiza ahadi,*
*Mola awape baraka, mapenzi yao yazidi.*

Udi ule nimeshauuza harusi saba.
Lakini nane kwa nane, sikumpunja hata silabi,
naye hakunipunja hata gramu. Tulitazamana kwa heshima.
Elfu mbili atanipa Jumamosi, inshallah.

Njiani nikaigeuza risiti.
Nyuma yake palikuwa peupe, peupe kabisa,
na mie nimekuwa na mistari mitatu kichwani tangu alfajiri,
isiyo ya harusi ya mtu. Nikaegemea ukuta wa skuli,
nikaiandika.

Mize alikuwa mlangoni, kiganja wazi.
"Risiti."
Akasoma mbele: kilo, daraja, jumla.
Akaigeuza.
Nikangoja aulize ya Ngwali, ya ada, ya dawa ya mama.
Midomo yake ilicheza polepole, bila sauti,
kidole gumba kikipita kwenye vidole vingine.

"Huu wa pili," akasema, "una kumi na tano."

Nikahesabu.
Kweli.