Ratiba ya Bi Kanta

Miaka thelathini na mmoja nilikula treni iliponipa nafasi.
Ya Mpanda ikichelewa, mchana wangu nao ulichelewa:
ugali saa tisa usiku, chai ya rangi saa kumi,
usingizi popote, benchi, kiti, gunia la barua,
bendera kwapani.

Nilipostaafu, mwili ulikataa barua ya kustaafu.
Saa nane usiku unakaa kitako kitandani,
unatafuta taa ya kijani.

Bi Kanta wa duka la vitambaa, Kanyenye,
alikuwa anafunga, binti yake amemwita Mwanza.
Nilifuata shuka la bei ya kuondokea.
Akanitazama midomo, akanitazama kucha,
akasema, "Mihayo, wewe mtu wa upepo.
Upepo umepata nyumba haina milango."
Akachana karatasi ya kalenda, akaandika nyuma
kwa wino ule ule wa zambarau wa madeni yetu.
Akaniongezea kikwangulio cha shaba,
chembamba, kimepinda kama bangili iliyochoka.

*Kwanza: amka kabla jua halijakuona.*
Julai ya Tabora haina utani.
Niliamka. Mbwa wa jirani akanibwekea kama mwizi.

*Pili: kwangua ulimi, ndipo useme.*
Kalunde alicheka mpaka akashika ukuta:
"Ungenioa na hicho chuma
tungegombana nusu."

*Tatu: maji ya moto. Chai, hapana.*
Hapa nisiseme mengi.

*Nne: mafuta ya ufuta, yapashe, anzia nyayo.*
Nikakaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Magoti yaliyoliwa na kokoto za reli,
kovu la Urambo, mnyororo uliponichapa,
bega la kulia, refu kidogo kwa kuinua bendera.
Sikuwahi kuuzunguka mwili huu wote.
Nilikuwa nazijua stesheni zake kubwa tu;
kumbe kuna vituo vidogo, nyuma ya sikio,
kati ya kidole na kidole,
ambavyo havijawahi kusimamiwa na mtu.

*Tano: shiba jua likiwa utosini,
moto wa tumbo ni ndugu yake. Asali usiipashe.*
Saa sita, basi: ugali wa muhogo, nsansa ya karanga,
michembe, na asali ya miyombo kijiko kimoja.
Kalunde akaisoma ile karatasi akaguna.
"Ya asali, mama yangu alisema.
Ya mafuta alitupaka nyonyo, kila mtoto, kila jioni.
Wewe ulikuwa zamu."

*Sita: usiku kidogo. Hatua mia. Lala.*
Hatua mia kutoka mlangoni kwangu
zinafika relini. Sikuzipanga, miguu inajua.
Nagusa chuma, bado kina joto la mchana, narudi.

Sidanganyi kwamba sikuanguka.
Harusini Isevya nilikula pilau saa sita usiku,
sahani mbili, na soda ya barafu.
Upepo ukanitembelea siku tatu
na mizigo yake yote.

Ya saba sijui.
Doa la ufuta limeimeza, kosa langu mwenyewe.
Zimebaki silabi mbili: *usi*,
halafu giza la mafuta.
Nilipiga Mwanza, simu inaita, haipokelewi.
"Usinune," alisema Kalunde.
Mjukuu akasema, "Usikorome, babu."
Kila siku nampa doa neno jingine
na kila siku linalikubali.

Jana saa nane usiku macho yalifunguka yenyewe.
Mbali, upande wa Mpanda, mzigo ulilia,
umechelewa, kama kawaida yake.
Nikaunukia ufuta kwenye mikono yangu.
Nikageukia ubavu wa kushoto.

Kuna kijana pale stesheni anaipokea sasa,
amesimama na taa kwenye baridi ile.
Jina lake sikuambiwa.
Natumaini amekula.