Mama Mkwe wa Kwenye Sinema

Mama mkwe wangu ni mbaya, nchi nzima inajua.
Muulize muuza dagaa wa sokoni Lindi,
atakwambia: yule? Simuuzii hata kichwa cha samaki.
Kamtoa mtoto wa watu usiku, mvua inanyesha,
kamtupia na begi, kanga zikaloa tope.
Nimeona kwa macho yangu, sehemu ya kwanza na ya pili.

Basi dagaa hutumwa mimi.
Yeye hujibanza nyuma ya kibanda cha viatu,
ushungi umefika puani,
Somoe binti Chinguile, filamu nne,
anahesabu chenji.

Ya kwanza walimlipa soda na nauli.
Ya pili elfu arobaini, thelathini wakasema kesho,
na kesho hiyo sasa ina miaka sita.
Kwenye jalada la sidii yuko pembeni, nusu sikio limekatwa,
jina wameandika Samwe.
Alicheka mpaka akakaa chini:
"Huyo Samwe akija kudai, mlipeni. Mimi bado nadai."

Kabla ya kamera kulikuwa na lori la ushirika,
kikundi cha maigizo juu ya magunia ya korosho,
Ruangwa, Nachingwea, Liwale, vumbi mpaka kwenye kope.
Wasichana wazuri walipewa bibi harusi.
Yeye, kwa sauti yake nzito, akapewa mzee bahili.
Wazuri wakaolewa kweli, wakaacha.
Bahili akabaki jukwaani.
"Uzuri una likizo," husema,
"ubaya ni ajira ya kudumu."

Karatasi za filamu ya tatu zilikuja kwa basi kutoka Dar.
Hakukuwa na wa kumshikia ila mimi.
Tulikaa jikoni, sufuria ya ming'oko katikati,
tunamenya, tunasoma.
Mimi nasoma ya mkamwana: Shikamoo, mama.
Yeye anasoma ya kwake, anafika penye lile neno.
Mnalijua. Neno wanaloitwa wanawake
ambao nyumba yao haijawahi kuanikwa nepi.
Mwaka ule ulikuwa wangu wa saba.

Alinyamaza. Akameza mate.
"Mwanangu, geuka. Tazama ukuta."
Nikageuka. Palikuwa na ufa, na sisimizi wanapanda.
Akalisema.
Akalisema tena, kwa nguvu,
maana mwongozaji alitaka lisikike mtaa wa pili,
na mtaa wa pili, wallahi, walisikia:
asubuhi Bi Mwanaidi alinigongea na bakuli la uji,
akanishika mkono, hakusema kitu.

Hawajui neno lile lililipwa laki na nusu, taslimu,
ubaya ulikuwa umepanda bei.
Hawajui ilikwenda wapi.
Ilikwenda nauli ya wawili mpaka hospitali ya Ndanda,
vipimo, dawa, chai ya mlangoni.
Nesi wa zamu alimtazama, akamtazama tena,
akaweka mkono kwenye fremu ya mlango:
"Wewe! Umemfuata mpaka huku kummalizia?"
Nilicheka, sindano ya dripu ikachomoka.
Mama alilala siku mbili kwenye benchi la nje
akilinda viatu vyangu.

Ndanda hawakuniahidi kitu. Nami sisemi zaidi.

Jana walikuwa wanaionyesha kwenye banda la video, Mpilipili.
Tuliingia taa zimeshazimwa, tukakaa nyuma.
Ilipofika mvua, wanawake wakaguna,
mmoja akatupa ganda la korosho kwenye skrini.
Nikasikia viganja vikiniziba masikio,
vikavu, vina harufu ya moshi,
nikaona mdomo wake mkubwa ukutani
ukifunguka na kufumba, bila sauti.

Njiani hakuzungumza mpaka tulipofika kwenye bomba la maji.
"Shingo niligeuza mapema," akasema.
Kisha: "Lakini nilikuwa mbaya?"
Mbaya sana, mama. Mbaya kupita kiasi.
Akatabasamu gizani,
kama mtu aliyelipwa ile thelathini yake.