La

Mchana mimi ni karani wa mizigo, Kurasini.
Usiku napunguza muziki.
Ndiyo kazi yenyewe, kupunguza:
unachukua wimbo wa watu sitini, tarumbeta na yote,
unaukunja, unaukunja tena, mpaka uenee
katika vidole kumi vya Atuganile
ambavyo, tuseme kweli, ni vinane,
vile vidogo vya mwisho bado vimelala.

Mistari mitano naichora nyuma ya hati za makontena.
Ukiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha,
chini ya nota unasoma: vigae, tani ishirini,
mpokeaji hajulikani.

Kikundi chenyewe ni hiki.
Atuganile, miaka kumi na mmoja, piano.
Mkunde na fidla ya nyuzi tatu.
Lukelo na klarineti aliyoachiwa na mjomba wake.
Na Shamsa, hana ala,
anapiga ubavu wa piano kwa kiganja;
nimemwandikia mstari wake kama wenzake,
kwa wino uleule.

Piano ya ukumbi wa Chang'ombe ilikuwa na kibonyezo kimoja kimekufa:
la, ile ya katikati.
Ukikigusa kinazama kama mguu katika tope la Msimbazi,
hakirudi mpaka ukivute kwa ukucha.
Mwalimu, la imekataa.
Jina lake ndilo hilo, nikawaambia, mlitegemea nini?

Nikahamisha do. Maiti akanifuata.
Nilipoifanya fa kuwa do, kikajiita mi.
Nilipoifanya so kuwa do, kikajiita re.
Marehemu unaweza kumbadilisha jina,
kaburi halihami.

Basi nikajifunza kuzunguka.
Hapa nikampa Lukelo aipulize,
pale nikapandisha mkono wa kulia hadi do ya juu,
na katika ukurasa wa tatu, pasipo na njia ya panya,
nikaandika kimya.
Mkunde, uzi wake wa la ni mzima, namshukuru Mungu:
piano inakatika, fidla inadaka,
kama watu wawili wanaopokezana ndoo.

(Mashine ya kopi pale Keko ilitia doa kando ya nota moja.
Watoto wakaliona ni nukta, wakaivuta nota ile nusu zaidi.
Nikasikiliza. Jumatatu nikaliandika doa kwa mkono wangu.)

Juzi mvua zilipokwisha, fundi Mhina akaja na mkoba wake.
Akatoa tumboni mwa piano penseli mbili,
sarafu, mbawa za kumbikumbi, kipande cha biskuti.
La ikapanda.
Nikakesha siku tatu, nikaandika wimbo kama ulivyo,
bila kuzunguka, bila kimya,
nikawagawia karatasi mpya kama mtu anayegawa nyama ya sikukuu.

Macho ya Atuganile yakasoma. Vidole havikusoma.
Vilipofika pale viliruka,
kama unavyoruka ngazi mbovu ya nyumba uliyokulia
miaka baada ya fundi kuitengeneza.
Na Mkunde, kwa mazoea, akadaka.

Rudieni.
Vikaruka.
Rudieni.
Mara ya nne Shamsa akaondoa kiganja ubavuni mwa piano:
Mwalimu, mbona hapo ndipo pazuri?

Sikumjibu. Nilijifanya natafuta miwani,
nayo ilikuwa usoni.

Walipoondoka nilikaa peke yangu,
magari ya mizigo yakinguruma barabarani,
nikakibonyeza, mara moja tu, taratibu.
La.
Kikaitika.
Nikaiacha sauti yake iishe yenyewe,
kisha nikafungua ukurasa wa tatu,
nikachukua kalamu,
nikarudisha kimya mahali pake.