Reki ya Kumi na Saba

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi hatuna subira hiyo.
Jumamosi ya kwanza ya Mei, saa tatu kamili,
basi la kutoka Tallinn halijazima injini
nami nimeshasimama kwenye lango la hifadhi
na reki arobaini za mbao,
kila moja na namba yake, iliyochomwa kwa chuma cha moto,
na daftari, na kalamu iliyofungwa kwa uzi
kwa sababu mwaka juzi kalamu zote tatu
ziliondoka na watu.

Jina. Simu. Umetoka wapi.
Wanaandika: Tartu. Narva. Riga, ng'ambo ya mpaka.
Säde, karani wa benki, kucha za zambarau,
anauliza glavu ziko wapi.
Mwalimu Tarvo amekuja na darasa zima,
na darasa zima limekuja na simu.
Wawili wamefuata supu, wamesema waziwazi,
nami nimewaandika vilevile.

Mwisho anafika Endel, kwa baiskeli,
kofia ya sufi juani,
na kwenye safu ya tatu, kama kila mwaka,
anaandika: Hapa.

Kazi yenyewe haina hadithi.
Majani ya mialoni ya mwaka jana yamelala mbugani
kama blanketi lililosahauliwa mvuani.
Tusipoyaondoa, okidi zitachipukia gizani
na kuozea humohumo.
Basi tunavuta, tunazoa, tunaburura turubai
hadi kwenye moto unaotoa moshi tu.
Kekeo analia upande wa ghuba.
Mwalimu anawaambia watoto wahesabu milio.
Watoto wanahesabu malengelenge.

Mbuga hii ilikuwa ya baba yake Endel.
Mwaka wa arobaini na tisa
mbuga iliandikwa kuwa ya shamba la pamoja,
na baba, na mama, na Endel wa miaka minane
wakaandikwa kwenye behewa la kwenda Siberia.
Walirudi wawili.
Miaka ikapita mpaka nchi ikarudi kwa wenyewe,
akapewa hati, ina muhuri, ina ramani;
akaja nayo ofisini kwetu, akaiweka mezani
karibu na kikombe changu cha kahawa.
Nilikuwa mgeni kazini. Nikasimama,
nikamshukuru kwa zawadi kwa niaba ya taifa.
"Zawadi gani?" akasema.
"Hekta tisa, mgongo mmoja.
Nimewapa kazi."

Leo Säde ameangukiwa na reki ya kumi na saba,
ile ambayo wazoefu huikwepa,
mapengo mawili tangu mwaka jana.
Anaisukuma kama anayepiga deki.
"Ivute," anasema Endel. "Ije kwako."
Anaivuta. Inakwama kwenye mzizi.
Tunasikia sote: ta!
Säde anaganda, uso umemwiva,
anaomba radhi, anauliza bei.
Endel anainama, polepole, kwa awamu,
anaokota jino la mti kwenye majani,
analifuta, analitia mfuko wa shati
kama mtu anayetunza risiti.
"Sasa matatu," anasema. "Endelea."
Naye akaendelea, hadi saa kumi,
na mstari wake ulikuwa umepinda,
ila ulikuwa safi.

Jioni supu ya njegere na nyama ya moshi,
mkate mweusi, sauna kwa wanaobaki.
Wale wawili wa supu walikula mara tatu
na ndio waliosugua sufuria.
Mbuga imebaki na rangi ya mtu aliyenyolewa,
na huku na huku, ua jeupe dogo
ambalo asubuhi hakuna aliyeliona.

Basi limeondoka. Kalamu ipo.
Nahesabu reki ukutani, narudia,
natafuta hata chini ya turubai:
thelathini na tisa.
Kwenye tope la lango kuna alama ya tairi jembamba,
na kando yake mkwaruzo mrefu,
kama wa mpini ulioburuzwa.

Sitampigia simu.
Ataileta Novemba, theluji ikianza,
bila kubisha hodi, imejaa meno.