Maji ya Ghorofa ya Kumi na Tisa

Mashine ya umeme imeishiwa betri.
Nesi Ailsa ametoa ile ya zamani,
yenye mpira wa kuminya na saa ya mshale.
Mshale huo naujua. Ninao wangu
chini ya jengo ninalolitunza hapa Springburn,
ghorofa ishirini na mbili, pampu mbili:
moja inafanya kazi, moja inasubiri.

Moyo, aliniambia baadaye, hauna ya kusubiri.

Kitambaa kikabana hadi vidole vikafa ganzi.
Amefunga koki, basi. Damu imesimama getini.
Kisha akalegeza, kidogo, kidogo,
sikio lake likisubiri kwenye kiwiko changu.
Hodi ya kwanza ndiyo namba ya juu,
moyo umekaza ngumi.
Akazidi kulegeza, mpaka mlango ukawa wazi
na damu ikapita bila kubisha tena.
Kimya kile ndicho namba ya chini,
moyo umefungua ngumi, unajaa.

Mia moja sabini na nane juu ya mia moja na nne.
Aliandika polepole, kama mtu
anayeandika jina asilojua kuliendeleza.
Kichwa kinauma? Hakiumi.
Kizunguzungu? Hakuna.
Ndivyo ilivyo presha, akasema. Haina adabu ya kukuarifu.

Baba alidondosha kikombe, Soni,
asubuhi ya siku ya soko. Mdomo ukaenda upande.
Majirani wakasema kapigwa na upepo,
wakafunga madirisha.
Miaka thelathini nimeuogopa upepo,
kumbe ni bomba,
bomba jembamba kuliko uzi, mahali fulani nyuma ya sikio,
lililochoka kubeba lilichopewa.

Damu nzito kuliko maji, twasema kwetu.
Nikamuuliza Ailsa swali la fundi:
inayoshuka imesukumwa, sawa,
hii inayorudi kutoka unyayoni
inapandishwa na nani?
Akacheka. Akajigusa shavu la mguu.
Misuli hii, ukitembea, huiminya vena,
na ndani mna vali, vilango vya upande mmoja,
damu ikipanda kidato hairudi nyuma.
Kwa hiyo tembea, Bwana Shekue.
Na chumvi upunguze: chumvi huita maji,
na maji hujaza bomba lililokwisha jaa.
(Alijuaje kuhusu chipsi zangu za Ijumaa?)

Nikarudi kazini na mvua yangu,
vidonge mfukoni vya kulegeza kuta za mishipa.
Simu ikalia. Bi Baillie wa ghorofa ya kumi na tisa:
maji yanatoka kama ya mtu anayejilazimisha kulia.

Nikashuka kwanza kwenye pampu, nikautazama mshale.
Ukiongeza nguvu, wa juu wataoga
na huku chini viungo vya bomba vitaachia.
Ukipunguza, wa chini watanawa vizuri tu,
na kichwa cha jengo kitakauka.
Miaka kumi na moja nimesimama
kati ya hasara hizo mbili, spana mkononi,
sikujua kuna mtunzaji mwingine ndani ya shati langu,
hana likizo, hana chama cha wafanyakazi,
na mimi ndiye mpangaji msumbufu.

Nikageuza koki robo mzunguko.
Lifti imeharibika, kama kawaida. Nikapanda.

Ghorofa ya saba nilishika ukuta.
Ndani ya ukuta kitu kilikuwa kinapanda.
Ndani ya kiganja pia.
Sikuweza kusema ni kipi nilichokisikia.

Bi Baillie alifungua kabla sijabisha.
Yamefika, akasema.
Kisha akanitazama usoni,
akanisogezea kiti.